Hatufungi Baiskeli za Boksi

Jirani yangu Apolinary ana kijiba cha roho, na wala simsengenyi, maana hata mbele yake nasema. Yeye anauza baiskeli na kuzitengeneza, mimi nashona nguo hapo hapo barazani kwake, barabara ya kwenda Bonga. Ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu.

Zamani mtu wa Singe au Sigino akitaka baiskeli, alikuja kwa Apolinary. Anaizunguka, anaminya matairi, anaambiwa aiendeshe mpaka kona arudi, na akirudi roho yake imeshanunua. Kisha akaja Jacqueline. Binti wa juzi tu, ana kichumba karibu na stendi na simu yake. Mtu anachagua baiskeli kwenye simu, Jacqueline anaagiza mtandaoni, basi linaleta boksi. Duka lenyewe liko kwenye simu, hata ukuta halina. Wallahi Apolinary aliumia. Kila asubuhi anafungua status za Jacqueline kabla ya kufungua duka, anasonya, halafu ananiita nione na mimi niumie. Na naumia kweli, maana yule binti sasa analeta na magauni.

Kilichommaliza ni kwamba baiskeli ya boksi huja vipande vipande. Mtu ananunua kwa Jacqueline, halafu boksi analileta kwa Apolinary amfungie, yaani amuunganishie iwe baiskeli. Angelipwa, tena vizuri. Lakini wapi! Alitafuta ubao akaandika kwa rangi nyekundu: HATUFUNGI BAISKELI ZA BOKSI. Nikamwambia, Baba Ritha, unafukuza riziki kwa kununa. Akanijibu kwamba yeye hawezi kumpamba bibi harusi wa mwanamume mwingine.

Sasa, dukani mle kuna baiskeli moja nyekundu ya kike, imening'inia darini miaka mingi. Ritha, binti yake wa pekee, amekua akiitazama. Kila akiiulizia, baba yake anasema, "Hiyo ni ya kuuza." Hakusema kwa ubaya. Mganga hajigangi, hata wanangu mimi wamekwenda Idi na nguo zilizofumuka.

Mwaka huu Ritha akapata kipaimara. Msimamizi wake alikuwa Edda, mwalimu wa Sigino, mwanamke asiye na neno na mtu. Baada ya misa tukaenda nyumbani kula pilau, na mimi nikiwemo. Ukafika wakati wa zawadi. Vikatoka vitenge, ikatoka saa, kisha Edda akawaita watu wamwingizie ya kwake. Likaingia boksi refu, pana. Nililijua kabla halijavuka mlango, na Apolinary naye alilijua.

Akamsogelea Edda, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, dukani kwangu baiskeli zimeisha?"

Edda akashangaa kabisa. "Baba Ritha, zawadi ya kipaimara nikainunue kwa baba wa mtoto? Si ningekuwa nimekuletea wewe pesa?"

Na ni kweli. Hapa kwetu msimamizi akifanya hivyo, watu watasema mzazi amejizawadia mwenyewe. Mwanamke wa watu alikwepa aibu, akakanyaga kidonda.

Wageni wakapiga makofi wakitaka ifungwe pale pale, kwani fundi si yupo? Mmoja akakumbusha habari ya ule ubao, watu wakaangua kicheko. Ritha hakucheka. Alisimama na gauni jeupe nililomshonea, anamtazama baba yake, na niliona wazi anaogopa kwamba atakataa.

Apolinary akavua koti, akaagiza spana zake. Aliifunga, kila nati akairudia, kiti akakiweka kimo cha Ritha bila kumpima. Alipomaliza, mtoto hakuipanda.

"Baba," akasema, "hii si ya kuuza?"

Watu wakacheka tena. Apolinary akafungua mdomo, lakini Edda akamtangulia. "Ni yako, mwanangu."

Ritha akamrukia Edda shingoni, akamng'ang'ania, na baba mtu akabaki ameshika spana. Nimeona wivu mwingi, hata wa ukewenza nimeuona, lakini ule ulinitisha. Haukuwa wa biashara tena.

Kesho yake nilimkuta dukani mapema kuliko kawaida. Ile nyekundu alikuwa ameishusha, anaifuta vumbi, matairi ameyajaza upepo. Nikamuuliza mteja ni nani. Akasema ni ya Ritha, akipita kwenda shule atamsimamisha ampe, na ile ya boksi ataipeleka kwa bibi yake kijijini. Mimi na mdomo wangu huu, nikaenda kutunga uzi kwenye cherehani.

Mara kengele. Ritha akatokea na sare ya shule, amekaa wima, anapiga kengele bila sababu yoyote. "Shikamoo, Mama Twalha! Shikamoo, baba!" Hakupunguza mwendo. Apolinary alipoitikia marahaba, mtoto ameshapita kona.

Akasimama kidogo na kitambaa chake mkononi. Kisha akaniomba nimshikie ngazi, akairudisha nyekundu darini.

Mchana akaja mtu wa Bonga, akaitazama kule juu, akauliza bei. Apolinary akamwambia hiyo si ya kuuza.