Mafuta kwenye Kitasa cha Ghorofa ya Nne

Mwaka ule baada ya Kombe la Dunia kuchezwa huku kusini mwa Afrika, watu wa manispaa walipanda ngazi mpaka fleti yangu mtaa wa Hillbrow. Wakahesabu watoto waliolala kwenye magodoro, wakafungua friji, wakanusa choo. Wakasema kreshi yangu ni safi sana, tatizo ni moja tu, mwalimu wake hana cheti. Mwalimu ni mimi. Wakanipa mpaka Januari: niwe nimeandikishwa kusomea cheti cha kulea watoto wadogo, la sivyo wanafunga. Watoto kumi na wanne, na mama zao wanatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kusafisha nyumba za watu.

Ndiyo nikaomba nafasi kwenye chuo kikuu kikongwe, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka kwangu. Miaka tisa nilikuwa nakijua kwa mapaa yake tu.

Waliniita kwenye usaili mara mbili siku moja, saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Wa asubuhi ulikuwa wa karatasi. Dada wa ofisini alikigeuza kibali changu cha ukimbizi mbele na nyuma, akatazama matokeo yangu ya shule ya jioni, akauliza kwa nini nimemaliza sekondari nina miaka arobaini na moja. Nikamwambia njiani kulikuwa na vita. Akatafuta kisanduku cha kutia alama, hakukiona cha vita, akatia kwenye “matatizo ya usafiri”. Sikubishana. Ni kweli tulitembea kwa miguu.

Nikatoka na saa nne za bure mkononi. Kurudi nyumbani niliogopa, maana watoto nimewaacha na jirani, na nikifika pale hawaniachii tena. Nikasema basi, leo na mimi nitatembea kama mtalii.

Karibu na lango kuna ramani kubwa, ina doa jekundu limeandikwa: Upo hapa. Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya nchi hii kukubali kwamba nipo hapa bila kuniuliza kibali.

Mbele kuna jengo lenye nguzo nene na ngazi pana za kupitisha jeshi zima, na watu wote wanaingilia mlango mdogo wa pembeni. Ngazi ni za kukalia na kupigia picha. Kwenye nyasi, siku ya kazi, saa tano, vijana wenye afya zao wamelala chali. Nikadhani kuna msiba. Mmoja akafumbua jicho, akaniambia, “No, Ma, tunasoma.” Kwenye kreshi yangu pia saa tano ni saa ya kulala, ila mimi ndiye ninayedaiwa cheti.

Nikaingia jengo la mifupa. Binti mwenye beji akanionyesha fuvu ndani ya kioo, lina taa yake peke yake, akasema huyu ni bibi yetu sisi sote. Nikamsalimia kwa adabu, bibi ni bibi. Lakini nikamuuliza yule binti kama ndugu wanajua yupo wapi, maana kwetu bibi anazikwa. Akasema swali zuri sana, akahamia kwa wageni wengine.

Saa saba nikapanda ghorofa ya nne kuangalia chumba cha usaili wa pili. Korido tupu, wote wameenda kula. Mkobani nilikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, ina mafuta ya upako. Nilipewa na mwenyekiti wa akina mama wa maombi kanisani kwetu, mama wa Bujumbura kama mimi, ambaye hajawahi kufanya usaili wowote lakini ni fundi wa kuwafundisha wengine. Aliniagiza nipake kitasa cha mlango, ili kila mkono utakaokigusa uandike neno jema juu yangu. “Usipake kama unapaka manukato,” alisema. “Mungu si bahili.”

Kitasa kilikuwa cha duara, cha shaba, laini. Nikapaka. Nikaomba. Nikapaka tena, nikashuka kunywa maji.

Saa nane kasorobo nimerudi, nakuta watu wamejazana mlangoni. Profesa mwenye ndevu anazungusha kitasa, mkono unateleza. Anafuta mkono kwenye tai, anajaribu tena. Mwalimu mwenzake, mama mwenye shanga kubwa shingoni, naye akajaribu, kikamponyoka, faili zikamwagika chini. Nikaona picha yangu ya pasipoti inatazama dari. Watu wawili wenye digrii zisizohesabika wameshindwa na kitasa, na mimi moyoni nasema, Bwana, mikono imeshagusa, sasa waandike.

Halafu akaitwa msimamizi wa usafi. Akaja na daftari, nyuma yake mama Mzulu wa rika langu, amevaa ovaroli ya bluu. Msimamizi akamuuliza mbele ya watu kwa nini anapaka polishi kwenye vitasa. Yule mama akasema hajapaka. Akasema taratibu, anatazama viatu vyake. Msimamizi akafungua daftari, akasema hili ni kosa la tatu, na la tatu anajua maana yake. Mama akasema tena hajapaka.

Nisidanganye, sikusema kitu hapo hapo. Nilianza kumweleza Mungu mambo. Kwamba yule mama kazi anayo, mimi bado. Kwamba nina watoto kumi na wanne. Kwamba mafuta ni yake Yeye, hivyo kwa hesabu ya haki mhusika ni Yeye. Msimamizi alikuwa ameshafungua kalamu.

“Ni mimi,” nikasema.

Wote wakageuka. Profesa akauliza wewe ni nani.

“Ni mtu wa saa nane. Hayo ni mafuta ya maombi. Niliyapaka ili mnikubali. Huyu mama hajafanya kitu, mfute jina lake.”

Profesa akanusa kiganja chake. “Olive?”

“Ya zeituni, ya supamaketi,” nikasema. “Lakini yameombewa.”

Nikavua kitambaa cha kichwani nikafuta kitasa mpaka kikang'aa, na sikuondoka pale mpaka nimeona msimamizi anakata mstari daftarini. Ndipo tukaingia. Nilijua imekwisha. Nikakaa kwa heshima kama mtu anayehudhuria mazishi yake.

Mama wa shanga akaweka pembeni karatasi ya maswali. Akaniuliza: kama kwenye kreshi yangu mtoto mmoja kaharibu kitu, akasingiziwa mwingine, nafanyaje?

Nikamwambia namsubiri aseme mwenyewe, ila simsubiri mpaka mwenzake alie. Halafu anasafisha alichoharibu. Halafu siku hiyo anakula amekaa karibu na yule aliyesingiziwa, wapende wasipende.

Wakaandika wote wawili, muda mrefu. Profesa kalamu ilikuwa inamteleza.

Nikashuka nikamtafuta yule mama. Alikuwa kwenye stoo ya mafagio anakunywa chai. Nikakaa karibu naye kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Kizulu changu ni cha sokoni, nikaomba msamaha kwa bei ya nyanya na vitunguu. Alimaliza chai yake, akachukua ndoo yake nyingine, akarudi kazini.

Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya wiki tatu. Jumapili mwenyekiti akasimama kushuhudia nguvu ya mafuta, akanipa kipaza sauti nikazie. Nikakazia kwa kusema yote, ovaroli na daftari pamoja. Akina mama wakaimba haraka.

Februari, siku ya kwanza ya darasa, nikakuta chumba ni kile kile. Yule mama alikuwa anapiga deki koridoni. Aliponiona akaegemeza dekio ukutani, akaja mbio, akasimama kati yangu na mlango.

“Wewe,” akasema, “mikono mfukoni.”

Akanifungulia mwenyewe.