Bi Ili-iweje na Watoto Wasio na Majina

Watengeneza programu ndio waliombandika jina la Bi Ili-iweje, na haki ya Mungu, walipatia. Kazi yake ilikuwa kuwahoji wateja wanataka mfumo wa kompyuta uwafanyie nini, kabla vijana hawajaanza kuuandika. Mteja akisema, "Tunataka kitufe hapa," yeye: "Ili iweje?" Akijibiwa, anauliza tena. Mumewe hata chai alishaacha kumwomba. Anajichemshia mwenyewe, yaishe.

Safari hii mfumo ulikuwa wa hospitali, na kesho yake ndiyo unawashwa. Mkuu wa masjala alitaka sharti moja lisiloguswa: mgonjwa asiye na jina asipewe dawa. Bi Ili-iweje alilikubali, lilikuwa na akili. Lakini yeye hasaini kitu mpaka akae na watu kazini mwao, aone kwa macho yake. Basi akaenda wodi ya wazazi, na mkunga aliposikia hilo sharti akacheka.

"Dada yangu, hawa wangu wamezaliwa asubuhi hii. Jina walitoe wapi?"

Bi Ili-iweje akampigia bosi wake simu, asogeze siku ya kuwasha.

"Mama, utaniua wewe! Tumeshatangaza! Waandike 'Mtoto', basi."

"Njoo uandike mwenyewe, baba."

Bosi akaja amevimba. Wakafungua mfumo wa majaribio, mkunga akamwonyesha kichanga mwenye homa. Bosi akaandika "Mtoto". Mfumo ukapokea bila kinyongo, naye akatabasamu. Wa pili, mzima kabisa: "Mtoto". Wa tatu mkunga akampakatisha kabisa, bosi akaandika kwa mkono mmoja. Bi Ili-iweje akamwacha aandike, jambo ambalo, jamani, si kawaida yake.

"Haya," mkunga akasema, "daktari kaagiza sindano ya Mtoto. Nimchome yupi?"

Bosi akatazama kioo cha kompyuta: Mtoto, Mtoto, Mtoto. Akatazama vitanda. Akamtazama aliyempakata, amelala zake hana habari.

"Kesho hatuwashi," akasema. "Mama, kwani hapa huwa wanawatofautishaje?"

"Mimi sijui. Muulize mwenye kazi."

Bosi, ambaye maishani mwake hakuwahi kumuuliza mtumiaji yeyote neno, akavuta kiti mbele ya mkunga. Bi Ili-iweje alimpenda ghafla kama mwanawe wa kumzaa. Akanyoosha mikono ampokee mtoto, bosi akakataa kumwachia.