Nani Amezungusha Filamu?

Kamera ilikuwa moja na sisi wapiga picha wawili, kila mmoja mbishi. Mimi, mtoto wa askari wa Koboko, nilipenda picha ya studio: pazia nyuma, kidevu juu, kifungo cha shingo kimefungwa. Mwenzangu, aliyevuka kutoka Kongo tukafungua studio pamoja Arua, alipenda kuwavizia watu sokoni Adumi wakicheka midomo wazi.

"Ndugu, mutu ya picha yako iko kama maiti," aliniambia.

"Na ya kwako iko kama mwizi nakimbia," nikamjibu.

Hata hivyo wateja walitutaka wote wawili: kwangu wapate heshima, kwake wajione wenyewe. Kilichotutesa ni mazoea. Mimi nilizungusha filamu, ili picha mpya ipate nafasi yake, kabla ya kupiga. Yeye, baada ya kupiga. Basi akipokea kamera kutoka kwangu, picha yake ilikaa juu ya yangu. Bibi harusi mmoja wa Manibe alitoka na mbuzi wa Adumi kifuani. Nilinuna siku mbili, naye akacheka siku mbili. Toka hapo tukawekeana sharti: anayekabidhi kamera aseme, "Nimezungusha," au "Bado." Miaka ikapita bila kosa.

Vita vilipokaribia Arua, mwaka 1979, tuliagana asubuhi.

"Tumepiga watu yote," akasema, "sisi wenyewe hatuna picha."

Nilimketisha mbele ya pazia, nikamfunga kifungo cha shingo kwa mkono wangu. Mara hiyo alivumilia. Nikapiga, nikampa kamera. Akanipiga nikifunga studio, ule mlango wetu mweupe ukiwaka jua. Hakuna aliyetaja filamu. Akaniachia kamera, akashika njia ya Kongo. Mimi nikapitia Koboko hadi Sudan.

Niliisafisha filamu ile ugenini. Picha zetu mbili zilikuwa moja: mgongo wangu pembeni, na ule mlango mweupe umeufunika uso wake wote.

Sijapata habari zake hadi leo. Nikizidiwa na hamu ya kumwona humgombeza peke yangu: si ungeuliza, ndugu! Kisha nakumbuka kwamba aliyekabidhi kamera ni mimi, na wa kusema "Bado" nilikuwa mimi.

Kifungo cha shingo kinaonekana vizuri. Uso wake sina.