Aproni ya Kuku Mgeni

Enzi zetu, sisi tuliovaa gauni za kurithi kwa dada zetu, aproni haikununuliwa. Aliishona mama. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehama Maruku kuingia kijiji cha ujamaa huko Ngenge, na mwalimu wa upishi akataka kila msichana aje na aproni, maana utomvu wa ndizi ukishika sare hautoki hata ufue vipi. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti tu. Mama akaingia chumbani, akatoka na kanga yake ya kanisani, ile moja nzuri aliyokuwa nayo, akaikata kwa kisu cha kumenyea ndizi. Alishona kwa mkono siku mbili, huku akiimba.

Ilikuwa aproni nzuri, jamani, mishono midogo midogo iliyonyooka. Ila Mama hakujua kusoma. Kanga iliandikwa "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni", naye alipokata, maneno mawili ya kwanza yakabaki kifuani pangu: KUKU MGENI. Na mimi mgeni kweli! Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikipita wananiuliza kamba yangu iko wapi.

Nilimchukia Mama. Nasema waziwazi, na uzee huu. Nikaifukia aproni migombani, chini ya nyasi, nikamdanganya kwamba mwalimu anazitunza shuleni. Akaamini. Kila Jumapili akaenda misa na kanga iliyochujuka, akiwasimulia wanawake wenzake jinsi binti yake anavyopika na aproni.

Kisha kikaja kisomo cha watu wazima. Jioni Mama anakalia dawati langu, asubuhi anasoma kila anachokiona, hata kiberiti. Siku moja tukipalilia, jembe lake likaivuta aproni. Akaikung'uta udongo, akaweka kidole.

"Ku-ku. M-ge-ni."

Akarudia tena, taratibu. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunipiga. Aliniangalia tu, akasema, "Ungeniambia, waitu, mwanangu. Ningeigeuza."

Wajukuu zangu leo wanavaa fulana za mitumba zenye Kizungu wasichokielewa, wanatembea kifua mbele. Nikiuliza zimeandikwa nini, wananijibu, "Bibi, ni fasheni." Heri yao.

Radhi sikumwomba Mama mpaka anafariki. Nilipoanza kazi Bukoba nilimpelekea kanga mpya, nikidhani hiyo inatosha. Hakuipokea mara moja. Aliikunjua kwanza, akaisoma yote mbele yangu, neno kwa neno, mpaka mwisho.