Ujuzi Uliomfunga Balwant Nakuru

Balwant Singh alizaliwa Nakuru, akasoma Nakuru, akaoa Nakuru, lakini kufikia mwaka wa 1976 alikuwa akiishi Nakuru kwa kibali. Baada ya uhuru, watu wa asili ya Kihindi kama yeye walipewa miaka miwili kuomba uraia. Ndugu yake Jasbir akamwambia asiwe na haraka, angoje aone mambo yatakavyokwenda. Akangoja, na miaka miwili ikapita. Akabaki na pasipoti ya Uingereza, nchi ambayo hakuwahi kuiona hata siku moja. Uingereza nayo ikataka wenye pasipoti kama yake wapange foleni ya vocha, hati ya kuruhusiwa kuhamia huko. Vocha ya Jasbir ilitoka mapema, akaenda zake. Ya Balwant, aliyojiandikishia mwaka wa 1969, ilikuwa bado.

Gereji yake ilipokosa leseni kwa kuwa yeye si raia, alimwuzia Milcah, mama aliyekuwa na malori mawili ya kubeba viazi kutoka Kuresoi. Milcah akambakiza kama fundi wa kuajiriwa. Kibali chake cha kazi kilikuwa na sharti moja: akae mpaka apatikane Mkenya anayeiweza kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa magari ya injeksheni. Yalikuwa machache sana mjini, magari yasiyo na kabureta, ambayo pampu ya umeme husukuma petroli hadi kwenye nozeli na nozeli zikainyunyiza ndani ya injini. Mafundi wengi waliyakimbia. Balwant aliyasoma kwenye kitabu alichotumiwa na Jasbir, akakifungia kwenye droo. Kila gari la namna hiyo lilipoingia, alimgeukia fundi mwenzake Kimutai, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya Njoro.

"Kimutai, enda stoo uniletee spana namba kumi."

Kimutai akirudi, anakuta boneti imeshafungwa.

Balwant hakujipenda alipofanya hivyo. Nyumbani, mkewe Bhagwanti alimwuliza akiwa anakanda unga, "Huyo Kimutai unamfundisha?"

"Nikimfundisha, sisi tutakwenda wapi?"

Bhagwanti aliongeza maji kidogo kwenye unga. Akaendelea kukanda.

Mwezi wa Machi Balwant alienda Nairobi kuulizia vocha. Aliambiwa jina lake lipo, angoje. Kesho yake mchana alishuka Nakuru, akaenda moja kwa moja gerejini, akakuta gari la Daktari Akeyo, daktari wa Molo, likinguruma polepole. Gari hilo lilikuwa limesumbua mwezi mzima. Likisimama linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, plagi zinajaa masizi. Likiwa barabarani linakimbia vizuri. Sasa halikuwa na moshi hata kidogo.

"Mzee Singh, ugonjwa nimeushika," Kimutai alisema. "Niliweka geji ya presha kwa paipu ya petroli. Gari ikiwa imetulia, thelathini na sita. Nikikanyaga mafuta, thelathini na sita. Nikajiuliza, mbona haisongi?"

"Halafu?"

"Nikaona huu mpira mdogo unatoka kwa manifoldi, pale injini inavutia hewa, unaingia kwa regyuleta, ile inapima presha ya petroli. Nikaunyonya kwa mdomo. Haupitishi hewa, umevimba ndani." Alimwonyesha mpira, nje mzima kabisa. "Kule Njoro nilikuwa naangalia mashine ya kukamua ng'ombe. Ile inakamua kwa kunyonya hewa. Nikasema, kumbe hata injini inanyonya. Ikiwa imetulia, mlango wa hewa umefungwa, inanyonya kwa nguvu, na hiyo nguvu inavuta petroli kwa nozeli. Basi lazima presha ya petroli ishushwe kidogo, ama itakunywa kupita kiasi. Huu mpira ndio unapelekea regyuleta habari. Ukiziba, regyuleta haijui kitu, presha inabaki juu."

Alikuwa ameweka mpira mpya. Balwant aliinamia geji: ishirini na nane. Kimutai akakanyaga mafuta, mshale ukaruka hadi thelathini na sita, kisha ukarudi. Ilikuwa sahihi kabisa, neno kwa neno kama kitabuni.

"Nani alikuambia haya?"

"Hakuna. Wewe ulikuwa unanituma stoo."

Hakuyasema kwa uchungu, na ndiyo maana yalimchoma Balwant zaidi. Alienda kwenye droo, akatoa kitabu, akamwekea Kimutai mkononi.

Wiki ile ile Milcah alileta fomu ya kibali. "Singh, hapa wanauliza kama kuna Mkenya anaiweza hii kazi. Mimi injini sijui. Niandike nini?" Alishika kalamu akimwangalia. Balwant alijua kwamba neno moja tu, hapana, lingempa miaka mingine miwili, na Kimutai, aliyesimama pale pale mlangoni, asingebisha.

"Andika yuko," alisema. "Andika jina lake."

Kibali kikaisha Juni. Akaruhusiwa kukaa nchini akingoja vocha, ila kazi asiguse. Alikaa kwenye veranda yake, akisoma gazeti la juzi, akisikiliza magari ya watu yakipita na ugonjwa wa kila moja akiujua kwa sauti. Kimutai, akikwama, alikuja kumweleza. Balwant alijibu, kisha hakulala vizuri, akihofia kwamba hata kujibu ni kazi.

Vocha ilifika mwaka wa 1978, akiwa na miaka hamsini na minane. Bhagwanti aliifungua bahasha, akaisoma mara mbili, akaiweka mezani. Walikaa wakiitazama, huku chai ikipoa, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kusema twende.