Ng'ombe wa Mama na Kifua cha Aikande

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai kule Kibosho, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mdogo wangu Aikande ameketi kitandani akivuta pumzi kwa mabega, kifua kikilia kama filimbi. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami mkubwa nikaacha shule nimlee.

Mwanangu, siku zile ng'ombe wetu alilala ndani, nyuma ya ukuta wa mbao, na majani yake makavu tuliyaweka darini, juu ya kitanda. Ndivyo tulivyokuta. Jioni, enzi za uhai wake, mama alikuwa akimkamua huku akiongea naye, nasi upande wa pili tukisikiliza.

Shangazi alileta mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. "Kinga ya mtoto imeshuka," akasema. "Msogeze kwa ng'ombe apate joto."

Nilimsogeza. Akazidi kubanwa, nikambeba mpaka hospitali mjini Moshi. Alipopewa dawa akatulia, nikamwambia daktari, mama mtu mzima, "Shikamoo. Kinga yake ni ndogo, naomba ya kuongeza."

"Marahaba. Tukiiongeza hii utamzika, binti," akanijibu, kisha akaniketisha. "Kinga yake ipo, ila imekosea adui. Seli za damu zilizowekwa kupigana na vijidudu zimelichukia vumbi la majani na la ng'ombe. Zimetengeneza silaha za kulitambua, na silaha hizo zimejishika kwenye seli nyingine zinazokaa katika kuta za njia ya hewa. Akivuta vumbi, seli hizo za kutani zinamwaga kemikali, njia inabana, inajaa makohozi. Baadaye zinakuja seli nyingine tena na kubaki humo. Kwa hiyo uvimbe upo hata ukimwona anacheka."

Alinipa dawa mbili za kuvuta: moja ya kufungua kifua kikibana, nyingine ya kila siku, ya kuzituliza zile seli.

Niliporudi nilijenga banda nje, nikamtoa ng'ombe. Shangazi alisimama getini. "Ng'ombe wa wifi yangu anyeshewe kama mbuzi wa mvivu?"

"Ana paa, shangazi. Acha mtoto apumue."

"Haya, daktari wa darasa la sita!"

Yeye sikumjali. Aliyeniweza ni Aikande, aliyezikumbatia zile mbao za ukuta nilipotaka kuzing'oa kwa kuwa zilijaa vumbi. "Dada, usizitoe. Hapa ndipo namsikia mama."

Nami nilikuwa namsikia hapo hapo. Nilizing'oa, nikashusha majani yote, nikafagia na kupiga deki. Jioni ile nyumba ilikuwa kubwa na kimya, nikamkosa mama mara ya pili. Hata leo, saa za kukamua, huwa natega sikio.

Kifua kilitulia polepole, mpaka akaweza kulala chali. Shangazi akasema sasa dawa iachwe; mimi niliendelea kumpa kila asubuhi. Siku hizi Aikande yuko Mwanza na watoto wake. Akinipigia simu, nasikiliza kwanza pumzi yake, maneno baadaye.

Mwanangu, ukimlea mwenye pumu, tafuta kinachokiamsha kifua chake ukiondoe, hata kama umekirithi kwa mtu unayemlilia. Dawa ya kila siku usiiache kwa kuwa amepona machoni pako. Mwache daktari aseme. Na usidhani kuwapenda waliotangulia ni kuacha kila kitu pale walipokiweka. Wamekuachia watu, watunze hao kwanza.

Mungu akupe kifua chepesi, na wote unaowalea walale usiku kucha bila kushtuka.