Tate na Safu ya Wazee

Nilipopata kazi ya kuandika hesabu ya magunia katika ghala moja la unga huko Kanengo, nilipaswa kufurahi. Badala yake nilipoteza hamu ya kula. Kazi ilinitaka nihamie Lilongwe, na sikujua Tate atakaa wapi. Tate ndivyo sisi watu wa Bukavu tunavyomwita nyanya. Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, tulikuwa wawili tu, yeye na mimi na shahada yangu ya uchumi, ambayo hadi hapo haikuwa imemchotea hata ndoo ya maji.

Ningeweza kumpeleka kwenye chumba nilichokipata Area 25, mtaa wa Lilongwe. Au angeingia katika safu ya wazee, nyumba sita ndogo za tofali ambazo kanisa letu lilizitenga kwa ajili ya wazee wasio na mtu wa kukaa nao. Hawakuuliza dini. Mlango wa kushoto wa Tate ulikuwa wa mzee Mwislamu kutoka Kindu, aliyewahi kuuza vitambaa. Wa kulia ulikuwa wa mama wa Kirundi. Kamati ilikubali Tate ajaribu wiki moja, nami nikabaki katika nyumba yetu ya zamani, nikienda kumwona kila alfajiri.

Nilipima mambo hayo mpaka yakanichosha. Kwenye safu, bomba la maji na zahanati vilikuwa karibu, lakini njia ya kwenda chooni ilikuwa na mteremko, na mvua ikinyesha je? Pale angeongea Kiswahili mchana kutwa, ila mazungumzo yenyewe yalikuwa ya magonjwa na ya waliobaki nyuma, nikaogopa yatamzeesha. Area 25 kulikuwa na soko, na hospitali za mjini hazikuwa mbali. Lakini Chichewa, lugha ya huko, chake kilikuwa zikomo tu, yaani asante, na zikomo peke yake haimalizi siku. Halafu, itakuwaje akianguka? Kichwani mwangu alianguka kila mahali.

Yeye alinicheka. Kwetu nyanya humwita mjukuu wake mume, na hakuniachia nafasi.

“Bwana yangu anatafuta namna ya kuniacha,” aliwatangazia majirani. “Ameshapata muke mudogo kule Lilongwe.”

“Akuache tu, mama,” mzee wa Kindu akajibu. “Huku nafasi iko.”

“We mzee! Meno hauna, na bado unatongoza?”

Siku tatu za kwanza nilikuta mlango wa Tate umefagiwa. Siku ya nne nilikuta majani na vumbi. Nilisimama nikisikiliza, nikamsikia ndani akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mzima, basi. Ila mbona hakufagia? Amechoka? Na kamati ikipita, haitasema kwamba hajiwezi? Nikachukua ufagio uliokuwa ukutani, nikafagia vizuri, nikanyunyiza maji, kisha nikawahi gari la kwenda Lumbadzi, na kutoka hapo Kanengo kutia sahihi karatasi za kazi.

Niliporudi saa tisa, wazee wote walikuwa wameketi mbele ya nyumba ya mzee wa Kindu.

“Ni wewe ulifagia kwa nyanya yako?” mama wa Kirundi akaniuliza.

“Ndiyo, mama,” nikajibu, nikingoja shukrani.

Haikuja. Ikabidi Tate anieleze. Kwenye safu, hakuna anayefagia kwake. Ukiamka, unafagia mlango wa jirani yako wa kulia. Wa mwisho anazunguka kufagia wa kwanza. Ukikuta kwako kuchafu, ujue mwenzako wa kushoto hajaamka, na unaenda kumgongea. Mlango wa Tate ulifagiwa na mzee wa Kindu. Asubuhi hiyo Tate alitoka, akaona kwake safi, akafanya kazi zake kwa amani. Mzee alikuwa amelala na malaria, hawezi hata kuita. Walishtuka adhuhuri ilipofika bila yeye kutoka kuchukua maji ya udhu.

Niliingia kumwomba radhi. Alikuwa amekunywa dawa, blanketi mpaka kidevuni.

“Diplome yako ni ya nini, mutoto? Ya kufagia?”

“Ya uchumi, baba.”

“Basi enda ufanye uchumi. Ufagio utuachie.”

Nje nilimwambia Tate kwamba nimeamua: tunahamia wote Area 25. Mpango gani huu, unaomtegemea mgonjwa atangaze ugonjwa wake kwa kutofagia?

“Nani aliuharibu?”

“Mimi.”

“Na kule Area 25, siku sitaamka, nani atajua?”

“Mimi, Tate. Nikirudi kazini.”

“Saa ngapi?”

Tate alinyoosha kitenge chake magotini.

“Huku siyo paradizo,” akasema. “Ule mama anakoroma, ukuta unatetemeka. Wote banapenda habari ya kufa. Nami sikuchagua hata moja kati yao. Lakini asubui kuko mutu ananingojea, na mi niko na mutu wa kungojea. Kule nitangojea we tu.”

Kesho yake tulikwenda kwenye kamati kuomba Tate abaki. Karani alituambia kwa upole kwamba safu ni ya wasio na mtu, akauliza kama aandike hivyo. Kalamu ilikuwa tayari juu ya daftari. Nilianza kueleza hali yetu tangu Bukavu, nikajichanganya, Tate akanikatiza.

“Mtu niko naye. Andika yuko kazini Kanengo.”

Karani akatafakari, akaandika.

Chumba cha Area 25 nilikichukua peke yangu. Wiki ya kwanza niliamka kabla ya jua nikimwaza yeye, kisha nikajiwaza mimi: nisipoamka, nani atajua? Jumapili nikagonga mlango wa jirani ambaye sikuwahi kumsalimia, nikamwambia jina langu na saa ninayotoka kwenda kazini.